Kisima cha Kiangazi si Kisima cha Masika

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari kwa wakazi wa Kata ya Cheyo, Manispaa ya Tabora. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika mikutano yetu mingi suala la maji huja kwa sura ya bomba: limefika mtaa upi, limekatika lini, ankara ya mwezi huu ni kiasi gani. Leo naomba tuliweke bomba kando kwa muda, tuzungumze kuhusu maji yaliyo chini ya miguu yetu, yale tunayoyateka visimani, na hasa kuhusu viumbe wadogo mno wanaoishi ndani yake. Mimi si mtaalamu wa maabara. Kazi ya ofisi yangu ni kuyachukua maarifa ya wataalamu na kuyafikisha kwa lugha ambayo kila mwenye kisima uani ataielewa.

Jambo ninaloomba mwondoke nalo ni moja. Maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka kwa kufuata majira, na viumbe waliomo hubadilika pamoja nayo. Kwa sababu hiyo kisima kilichokuwa salama mwezi Septemba huenda kisiwe salama mwezi Desemba, ingawa mfuniko ni uleule, ndoo ni ileile, na maji yanaonekana kuwa maangavu vilevile. Afya ya watoto wetu inategemea sana kulielewa jambo hili.

Mji uliokaa juu ya visima

Majina ya mji wetu yenyewe yanasimulia habari za maji. Tunayo kata inayoitwa Chemchem na nyingine inayoitwa Mbugani. Waliozipa sehemu hizo majina walikuwa wakisema maji yako wapi, kwa sababu hilo ndilo lililomhusu kwanza kila aliyefika hapa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, yenye mamia ya wapagazi Wanyamwezi, ilipanga vituo vyake kwa kufuata maji. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, eneo la Tabora yetu ya leo, Novemba 1857, wakati ambao kwa kawaida kiangazi kinakwisha na mvua zinaanza. Mji wenye wenyeji, wafanyabiashara wa kutoka pwani na Omani, na wapagazi wasiohesabika uliishi kwa visima na chemchem, miaka mingi kabla ya kuwapo kwa bomba la kwanza.

Njia hizo za misafara zilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na watu waliotiwa utumwani. Zilipitisha pia magonjwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia za kaskazini, kikapita nchi ya Wamaasai hadi Pangani, kikaingia Zanzibar na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, alifuatilia safari ya ugonjwa huo kwa kuwahoji wafanyabiashara na wasafiri, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kinachoonyesha jinsi kipindupindu kilivyosafiri na misafara. Aliandika kabla dunia haijamkubali bakteria anayesababisha ugonjwa huo, maana Robert Koch alimtangaza mwaka 1884. Njia ya ugonjwa ilijulikana kabla ya mdudu wake. Na hatuhitaji kurudi mbali kiasi hicho: Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kikasambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Baadaye mji ulipata Bwawa la Igombe, na katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yamefika kwa bomba linalotoka Solwa mkoani Shinyanga na kupitia Nzega. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, visima havijafukiwa. Kuna kaya zinazotumia kisima kumwagilia bustani, kunyweshea mifugo na kufyatulia matofali. Kuna zinazorudi kisimani bomba linapokatika au ankara inapochelewa kulipwa. Kuna wazee wanaosema kwamba maji ya kisima ndiyo yenye ladha. Sababu zote hizo zinaeleweka, na sikuja kumkataza mtu kisima chake. Nimekuja kueleza namna ya kukijua.

Kilicho chini yetu

Ardhi ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa graniti, mawe yaleyale makubwa tunayoyaona yamejitokeza kwenye vilima vyetu. Mwamba huo ni wa kale sana, na sehemu yake ya juu imeoza kwa muda mrefu ikawa mchanganyiko wa mchanga, udongo mfinyanzi na changarawe. Maji tunayoyateka yamo ndani ya tabaka hilo lililooza, na katika nyufa za mwamba ulio chini yake. Hakuna ziwa wala mto chini ya ardhi kama wengine wanavyodhani. Ni kama sifongo lililolowa, likiwa limelazwa juu ya sinia lenye nyufa.

Sifongo hilo hujazwa mara moja kwa mwaka. Mvua zetu huanza karibu Novemba na kuisha karibu Aprili. Katika miezi hiyo usawa wa maji ardhini hupanda, na pembezoni mwa mbuga unaweza kukaribia uso wa ardhi kabisa. Kuanzia Mei hushuka polepole, na kufikia Oktoba wenye visima vifupi huongeza urefu wa kamba.

Ndani ya sifongo hilo kuna uhai. Mililita moja tu ya maji safi ya chini ya ardhi, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, kwa kawaida huwa na maelfu ya bakteria, na mara nyingi mamia ya maelfu. Wengi zaidi hawaelei majini, bali wamejishikiza kwenye punje za mchanga na kuta za nyufa. Karibu wote hawana madhara kwa binadamu. Wanaishi gizani, kwa chakula haba, wengi wakiwa katika hali inayofanana na usingizi. Wanachosubiri ni mabadiliko: chakula kikishuka kutoka juu, au hewa ikiingia au kutoka, kundi moja huamka na kustawi huku jingine likinyamaza.

Tuwatofautishe wenyeji hao na wageni. Wageni ni vimelea vya magonjwa vinavyotoka katika kinyesi cha binadamu na wanyama, kama vile vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Kwa kawaida hivi havikai ardhini maisha yote, lakini baadhi yake vinaweza kubaki hai katika maji ya chini ya ardhi kwa wiki kadhaa, na baadhi ya virusi kwa miezi. Muda huo unatosha kabisa kusafiri kutoka chooni hadi kisimani.

Mvua ya kwanza

Sote tunaijua harufu ya ardhi inapopata mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Kwa maneno mengine, pua zetu zinapokea taarifa kwamba udongo una uhai na kwamba umelowa.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 mtafiti H. F. Birch, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga nchini Kenya, alichukua udongo uliokauka, akaulowesha na kupima kilichotokea. Alikuta kwamba viumbe wadogo wa udongoni huamka kwa kishindo, huozesha mabaki ya mimea kwa kasi kubwa kwa siku chache, na kuachia naitrojeni kwa wingi, kisha kasi hupungua. Udongo uliokauka zaidi huamka kwa nguvu zaidi. Mpaka leo wanasayansi duniani kote huliita tukio hilo kwa jina la Birch.

Mkulima hunufaika nalo, kwani mahindi yaliyopandwa mapema hukuta chakula hicho tayari. Mwenye kisima hana budi kuliangalia kwa upande wa pili. Naitrojeni hiyo hugeuka kuwa nitrati, na nitrati haishikwi na udongo bali hushuka na maji. Mvua zikiendelea, kile ambacho mzizi haukukiwahi huelekea chini. Chumvi hiyo huongezeka sana pale udongo unapokuwa na samadi au kinyesi kutoka zizini na vyooni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo, maana ikizidi inaweza kuzuia damu yao kubeba hewa. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: kuchemsha hakuondoi nitrati. Maji yakipungua sufuriani, nitrati huzidi kukolea. Ndiyo maana wito wa wataalamu wetu wa afya, kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, una faida pia kwa upande wa maji.

Maji yanapopanda

Kati ya sakafu ya choo cha shimo na usawa wa maji ardhini kuna udongo mkavu kiasi, wenye hewa. Udongo huo ndio mlinzi wetu. Maji machafu yakipita humo polepole, vimelea vingi hukwama kwenye punje, hukauka, au huliwa na viumbe wenyeji ambao wana hewa ya kutosha na nguvu za kufanya kazi hiyo. Kadiri tabaka hilo lilivyo nene, ndivyo ulinzi ulivyo bora.

Masika huupunguza unene huo. Maji yanapopanda, umbali kati ya choo na maji hupungua, na katika maeneo ya chini maji yanaweza kuingia ndani ya shimo lenyewe. Hapo mlinzi hayupo tena, kwani choo na kisima vimeunganishwa na maji yaleyale. Udongo uliojaa maji hupitisha vitu kwa kasi kuliko udongo mkavu, na mahali ambapo mwamba una nyufa maji husafiri bila kuchujwa vya kutosha. Ndiyo maana kanuni ya kuacha angalau mita 30 kati ya choo na kisima ni nzuri lakini si hirizi. Inasaidia zaidi choo kikiwa upande wa chini wa mteremko, na shimo lake likiishia juu ya usawa wa maji ya masika. Anayechimba choo Oktoba na kusema "sijakuta maji" amepima wakati ambao maji yako mbali kuliko wakati mwingine wowote.

Ipo njia nyingine, ambayo mara nyingi ni mbaya kuliko hiyo. Watafiti waliochunguza chemchem zilizohifadhiwa za jiji la Kampala, nchini Uganda, walichapisha matokeo yao mwaka 2003. Nayataja kwa sababu Kampala nayo imekaa juu ya mwamba wa kale uliooza, wenye watu wengi na vyoo vingi vya shimo juu yake. Waligundua kwamba uchafuzi ulipanda haraka mara baada ya mvua kunyesha. Kilichohusika zaidi hakikuwa umbali wa vyoo peke yake bali hali ya eneo linaloizunguka chemchem: udongo wa juu uliomomonyoka, ukosefu wa mfereji wa kuyageuza maji ya mvua, taka na kinyesi vilivyoachwa upande wa juu. Mvua ilivisomba vyote hivyo na kuviingiza kwa njia ya mkato, bila kupita kwenye udongo unaochuja.

Matokeo hayo yana habari njema kwetu. Kukihamisha choo cha jirani ni kazi kubwa, yenye gharama na ugomvi. Kuziba ufa wa sakafu ya kisima na kuchimba mfereji ni kazi ya siku moja kwa jembe na mfuko wa saruji.

Hewa inapokwisha

Viumbe wa ardhini nao hupumua. Wakiwa na oksijeni huitumia hiyo kwanza. Maji yanapopanda na kuujaza udongo, hewa hufungiwa nje, na oksijeni iliyobaki huisha upesi palipo na uchafu mwingi wa kuozesha. Hapo kazi huchukuliwa na makundi mengine, kila kundi na kitu chake cha kupumulia badala ya oksijeni, na kwa utaratibu unaojulikana.

Kwanza huja wanaotumia nitrati. Hawa huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani, nayo hupotea bila madhara. Pembezoni mwa mbuga, udongo unapokaa umejaa maji, viumbe hawa wanaweza kuipunguza nitrati pasipo mtu yeyote kuwalipa. Hivyo tusiwahesabu viumbe wa ardhini kuwa maadui; bila wao maji yetu yangekuwa mabaya zaidi.

Nitrati ikiisha hufuata wanaotumia madini ya chuma yaliyo katika udongo wetu mwekundu. Chuma ambacho kilikuwa kutu ngumu huyeyuka kikaingia majini. Maji hutoka kisimani yakiwa maangavu, lakini yakikaa kwenye ndoo usiku mmoja hupata rangi ya kutu kwa sababu yamekutana na hewa. Chai inayopikwa kwa maji hayo huwa nyeusi isivyo kawaida, na nguo nyeupe hupata madoa. Mwisho huja wanaotumia salfeti, na hao hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu.

Dalili hizi si sumu kwa kiwango tunachokutana nacho kwa kawaida, na kutu yaweza pia kutoka kwenye mabomba ya chuma ya pampu yanayoliwa na maji. Lakini ni barua iliyoandikwa kutoka chini. Harufu ya yai bovu ikitokea ghafla katika kisima ambacho hakikuwa nayo, inaweza kumaanisha kwamba uchafu unaooza umefika na kumaliza hewa. Anayeiona dalili hiyo amwarifu afisa afya wa kata kabla ya kuzoea.

Nasisitiza upande wa pili pia: ukosefu wa dalili si ushahidi wa usalama. Vimelea vya magonjwa havina rangi, havina harufu, havibadilishi chai.

Maji yanaposhuka

Kiangazi nacho kina mambo yake. Maji yakishuka, hewa huingia katika udongo ulioachwa wazi. Bakteria wanaopenda mpaka kati ya hewa na chuma kilichoyeyuka hustawi kwenye kuta za kisima na mabomba ya pampu, wakijenga utelezi wa rangi ya kutu unaoziba mabomba. Pampu ya mkono iliyokaa bila kutumika kwa muda mrefu mara nyingi hutoa maji ya namna hiyo inaporudi kazini.

Tatizo kubwa la kiangazi, hata hivyo, ni sisi. Maji yakiwa haba, kamba hurefushwa, ndoo hukwangua matope ya chini, watu hutumbukia kisimani kukichimba zaidi, na familia tano huteka palipotekwa na familia mbili. Kila ndoo iliyowekwa chini kwenye vumbi hurudi na vumbi hilo. Na pampu ya umeme inapovuta maji mengi kutoka kisima kimoja, huyavuta kutoka pande zote, pamoja na upande wenye karo la jirani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba maji, yakiwemo ya chini ya ardhi, ni mali ya umma. Mipaka ya viwanja vyetu haifiki kule chini.

Bomba na karo

Nilisema tuliweke bomba kando, lakini lazima nilirudie kwa sentensi chache, maana limebadilisha hali ya ardhi yetu pia. Kaya iliyokuwa ikiteka ndoo nne kwa siku, ikipata bomba hutumia maji mengi zaidi: kufua, kuoga, kusafisha choo. Maji hayo yakishatumika huenda wapi? Katika nyumba zetu nyingi huenda kwenye shimo au karo lililo uani, na kutoka hapo huingia ardhini. Kwa hiyo kadiri majisafi yanavyoongezeka, majitaka yanayoshuka chini yetu nayo huongezeka, na viumbe wa ardhini hupewa chakula kingi kuliko walichozoea. Familia inayofurahia bomba leo inaweza, pasipo kujua, kukiharibu kisima cha jirani ambaye bado hajaunganishiwa. Hili halina mkosaji mmoja, na ndiyo sababu linahitaji kuzungumzwa mtaani.

Tufanye nini

Ndugu wananchi, ushauri wa wataalamu naupanga kwa kalenda, kwa sababu kisima nacho kina kalenda yake.

Septemba na Oktoba, kabla ya mvua: kagua kisima. Ziba nyufa za sakafu na za ukuta wa juu. Hakikisha mdomo wa kisima umeinuka juu ya ardhi na una mfuniko unaofunga. Chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yageuzwe na kupita mbali. Ondoa taka, samadi na mifugo upande huo. Tumia ndoo moja na kamba moja za kisima pekee, zitundikwe na zisilazwe chini. Kama choo au karo limejaa, liondolewe uchafu sasa, kabla maji hayajapanda.

Novemba hadi Januari, mvua zinapoanza na maji kupanda: huu ndio wakati wa hatari zaidi. Maji ya kunywa yatoke bombani ikiwezekana, na ya kisima yabaki kwa kazi nyingine. Asiyekuwa na bomba achemshe maji mpaka yatokote kabisa kwa angalau dakika moja, au atumie dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye pakiti. Najua mkaa ni ghali. Siku za jua kali, maji maangavu yaliyotiwa kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga na kulazwa juani kwa saa sita husafishwa vimelea na jua lenyewe; siku za mawingu huhitaji siku mbili mfululizo, na siku za mvua njia hii isitegemewe. Maji yaliyotibiwa yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na yatekwe kwa kata yenye mpini.

Februari hadi Aprili, maji yakiwa juu: angalia choo. Ukiona maji yamesimama ndani ya shimo karibu na juu, kisima kilicho karibu kisitumike kwa kunywa bila kutibiwa. Anayetaka kuchimba choo kipya apime kina chake sasa, aone maji yanafika wapi, na palipo na maji karibu ajenge choo kilichoinuliwa.

Mei hadi Agosti: huu ni wakati wa matengenezo makubwa, na ni wakati mzuri wa kuchukua sampuli ya maji. Lakini sampuli moja ya kiangazi haitoshi. Mwenye kutaka kukijua kisima chake apime mara mbili, mara moja maji yakiwa chini na mara moja baada ya mvua za kwanza. Katika maji ya kunywa, bakteria wa kinyesi hawatakiwi kuonekana hata mmoja ndani ya mililita 100. Afisa afya wa kata ataeleza utaratibu wa kuchukua sampuli na mahali pa kuipeleka, na mitaa inayotumia kisima kimoja inaweza kuchangia gharama.

Kisima kikikutwa na uchafuzi, mwenyewe asimwage dawa kwa kukisia. Kutibu kisima kwa klorini kunahitaji kujua ujazo wa maji yaliyomo, na hakusaidii chochote kama ufa ulioingiza uchafu bado uko wazi. Mtoto akianza kuhara, apewe maji yenye chumvi maalumu za ORS na apelekwe zahanati mapema. Tusisubiri tupate uhakika kwamba ni maji au ni chakula.

Kwa wenyeviti wa mitaa nina ombi moja. Kabla ya mvua kila mwaka, liandaliwe daftari dogo linaloonyesha visima vya mtaa, vyoo vilivyo karibu navyo, na hali ya mifuniko na mifereji. Hakuna fedha kubwa inayohitajika, ila mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na kuandika. Daftari hilo ndilo litakalomwezesha afisa afya kujua aanzie wapi siku ugonjwa ukitokea, badala ya kuanza kuuliza wakati watu wamekwisha kulazwa.

Wazee wetu walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya kisima ni mfuniko, mfereji, na kukumbuka tuko mwezi gani. Mvua za mwaka huu zitakapoanza kunukia, naomba kila mwenye kisima aende uani, ainame, na atazame ufa wa sakafu yake kabla ya kuteka ndoo inayofuata.

Niko tayari kupokea maswali, na yale yanayomhitaji mtaalamu nitayafikisha kwake na majibu yake tutayachapisha katika toleo lijalo la jarida letu.